Udaktari ukubwani: Kimombo ndicho komeo la mlango wa pili

Na Mwandishi Wetu

HAPA mjini ukitaka kumkata maini kijana mwenye digrii ya biashara, muulize kama bado anataka kuwa daktari. Atacheka kwanza. Halafu atakuambia hayo ni mambo ya waliosoma PCB, yeye basi lilishamwacha stendi tangu kidato cha nne, na sasa ana kibarua chake na mke anamsubiri nyumbani. Akimaliza kusema hayo atanyamaza kidogo, na ukimtazama vizuri machoni utajua kwamba ile ndoto haijafa, imelala tu.

Ni kweli, bwana, kwetu mambo ndivyo yalivyo. Mwenye digrii nyingine akitaka udaktari wa binadamu anarudi kwenye foleni ya waombaji, na akibahatika anaanza mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka kidato cha sita juzi. Miaka mitano darasani, na mmoja wa mazoezi hospitalini.

Lakini leo, mpenzi msomaji, nakuchukua mpaka Japani, nchi ambayo watu wa aina ya huyo jamaa wamewekewa mlango wao. Nasema mapema nisije nikaeleweka vibaya: si mlango wa nyuma wa kupitishia bahasha. Ni mtihani, tena mtihani ile mbaya. Kinachochekesha ni kwamba katika nchi ambayo udaktari unafundishwa kwa Kijapani, kuanzia mfupa wa kwanza mpaka operesheni ya mwisho, mtu anayetaka kupita mlango huo anapimwa kwanza Kiingereza.

MLANGO WENYEWE

Njia kuu ya udaktari Japani ni ngumu kupindukia. Kozi ni ya miaka 6, na mtoto anaingia moja kwa moja akitoka sekondari. Nchi nzima ina vyuo vya udaktari 82, ukikihesabu na kile cha jeshi, na nafasi zake zote kwa mwaka hazifiki 10,000. Anayetaka chuo cha serikali hufanya mtihani wa masomo 7 au zaidi, na hapo bado hajafika kwenye ule wa chuo chenyewe. Anayefeli akakaa nyumbani mwaka mzima akijiandaa kurudia huitwa ronin, jina la zamani la samurai asiye na bwana. Na huku mtaani kwetu wapo maronin wa kutosha, tofauti ni kwamba sisi tunawaita majina mabaya zaidi.

Sasa ule mlango wa pili unaitwa gakushi hennyu, yaani kujiunga katikati kwa mtu ambaye tayari ana shahada. Chuo Kikuu cha Osaka ndicho kilichotangulia, mwaka 1975. Vingine vilifuata kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo vyuo vyenye utaratibu huo ni ishirini na kitu, karibu vyote vya serikali. Wazo lao lilikuwa kwamba hospitali haiwezi kujazwa watu waliokuwa wa kwanza darasani tangu chekechea na hawajawahi kufanya kazi nyingine yoyote. Walitaka mhandisi aliyewahi kutengeneza mashine, nesi aliyekesha wodini, mfamasia, mtafiti, hata mwanasheria. Vyuo vingi havijali digrii yako ilikuwa ya nini.

Ukipita, unaingia mwaka wa pili, na kwingine wa tatu. Ile miaka 6 inakuwa 5 au 4.

Tamu, eh? Subiri usikie nafasi. Chuo kimoja huchukua watu 5, kingine 10, vichache vinazidi hapo. Waombaji 200 kugombea viti vitano si jambo la kushangaza.

Na usidhani kila mwenye jina hupita humo. Wapenzi wa raga wanamkumbuka winga Kenki Fukuoka. Mwaka 2019, Japani ilipoandaa Kombe la Dunia, yeye ndiye aliyefunga trai iliyoipitisha Japani mbele ya Ireland, nchi nzima ikalia. Huyu bwana alikosa nafasi ya udaktari alipomaliza sekondari, akasoma mambo mengine huko Tsukuba, lakini wazo halikumtoka. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ilipoahirishwa mwaka 2020, aliachana na safari ya kwenda huko akarudi kwenye vitabu. Aprili 2021 alianza udaktari katika Chuo Kikuu cha Juntendo. Digrii alikuwa nayo, jina alikuwa nalo, na bado alianza mwaka wa kwanza kabisa, akiwa na miaka 28, kati ya vijana wa miaka 18. Kwa hiyo anayesema mlango wa pili ni wa mkato ajue kwamba wapo walioona heri kuzunguka mbele.

KARATASI MBILI

Mtihani wenyewe katika vyuo vingi una karatasi kuu mbili. Moja ni sayansi ya uhai, ya pili ni Kiingereza. Vipo vyuo vinavyoongeza hesabu, fizikia, kemia au takwimu, lakini ukizishika hizo mbili barabara una pa kwenda.

Sayansi ya uhai ni kila kitu kinachotokea ndani ya mwili wako wakati wewe umekaa kijiweni unapiga soga: seli inavyogawanyika, jeni inavyosomwa na kuwa protini, vimeng'enya vinavyofanya kazi, figo inavyochuja, askari wa kinga ya mwili wanavyomtambua adui. Watahiniwa wengi wanabeba kitabu kiitwacho Essential Cell Biology, na wenye msuli zaidi wanabeba kaka yake mkubwa, Molecular Biology of the Cell, ambacho ukimpiga nacho mwizi hataamka mapema. Mtu aliyesomea uchumi anaanza sifuri. Aliyesomea biolojia naye asijidanganye, kwa sababu swali haliishii kwenye kukariri. Unaonyeshwa jaribio lililofanyika maabara, na picha za matokeo, halafu unaulizwa matokeo hayo yana maana gani.

Sasa twende kwenye Kimombo. Wewe unayejisifu kwamba Kiingereza chako ni maji ya kunywa kwa sababu unaangalia sinema bila kusoma maandishi ya chini, kaa chini kwanza. Huku hakuna kuulizwa habari za John na Mary kwenda sokoni. Unapewa kifungu kirefu kilichotoka kwenye jarida la utafiti au mfano wake, kinahusu uvimbe au ubongo au vijidudu vya tumboni. Maswali yameandikwa kwa Kijapani, majibu unaandika kwa Kijapani, tena kwa idadi ya herufi uliyopangiwa. Herufi 200, basi. Ukizidisha, umeharibu.

Ngoja nikupe mfano niliotunga mwenyewe ili uonje. Kifungu kinasema watafiti walichukua panya wakawaondolea uwezo wa kutengeneza protini fulani, panya wakanenepa. Kundi la pili hawakuguswa, wakabaki kawaida. Kundi la tatu waliondolewa uwezo huo, halafu wakadungwa protini ileile kwa sindano, wakarudi wembamba. Swali: lile kundi la tatu lilikuwa na kazi gani? Anayejua Kiingereza tu atatafsiri sentensi zote vizuri, na swali litamshinda. Anayejua sayansi tu naye hatafika hata kwenye kundi la tatu, atakuwa bado anahangaika na aya ya kwanza. Jibu ni kwamba bila kundi hilo huwezi kuwa na uhakika kwamba unene ulitokana na kukosa protini ile, na si na jambo jingine lililoharibika panya walipochezewa jeni zao. Umeipata? Haya, andika kwa herufi 200, saa inakwenda.

Ndiyo maana wanaojiandaa hawatengi masomo haya mawili. Wanasoma muhtasari wa utafiti kwa Kiingereza, mmoja kila siku, na kila neno gumu wanaliandika kwenye kadi ndogo za mfukoni. Kwenye treni ya asubuhi kadi zinapinduliwa moja baada ya nyingine. Usiku wanaandika kwa mkono, siyo kusoma kwa macho, kwa sababu mkono usiozoea huchelewa. Vipo vyuo vinavyotaka cheti cha TOEIC au TOEFL badala ya kutunga karatasi yao, na hapo tena mtu anagawanya usiku wake, nusu utafiti, nusu mazoezi ya kusikiliza.

Madesa ya mitihani iliyopita nayo ni kizaazaa. Vyuo vingine huyatoa kwa kila anayetaka, vingine havitoi kabisa. Matokeo yake shule za kulipia zinazofundisha mtihani huu zinauza kitu ambacho mtu wa mkoani hawezi kukipata kirahisi: kumbukumbu za waliotangulia. Kwa hili, nasema wazi, sioni haki. Mtihani unaojigamba kuwafungulia watu wa kila aina, halafu siri yake ikakaa kwa wenye fedha, umeshawafungia wengine.

MBONA KIINGEREZA?

Hapa ndipo nilipokuna kichwa. Daktari wa Kijapani anamtibu mgonjwa wa Kijapani kwa Kijapani. Kiingereza cha nini?

Ukirudi nyuma utaona mlango wa udaktari kwa hawa jamaa siku zote ulikuwa na lugha ya kigeni. Mwaka 1771 mganga mmoja aitwaye Sugita Genpaku na wenzake walikwenda kushuhudia maiti ikipasuliwa, huku mkononi wana kitabu cha anatomia kilichoandikwa kwa Kidachi. Walichokiona mwilini kilifanana na michoro ya kitabu, na hakikufanana na mafundisho waliyokuwa nayo. Wakaamua kukitafsiri, ingawa Kidachi chenyewe walikuwa hawakijui cha maana. Tafsiri ilitoka mwaka 1774, na baadhi ya maneno waliyobuni, kama lile la mishipa ya fahamu, shinkei, yanatumika mpaka leo. Karne iliyofuata Wajapani waligeukia udaktari wa Wajerumani, ndiyo maana faili la mgonjwa wanaliita karute, neno lililotoka kwenye Kijerumani. Sasa utafiti mwingi unatoka kwa Kiingereza, na zamu ni ya Kiingereza.

Tofauti ni hii, na mimi imeniuma kidogo. Wao wanapima kama unaweza kusoma kwa lugha ya kigeni, basi. Ukishaonyesha kwamba unaweza, wanakufundisha kwa lugha yako. Kwetu mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili mpaka anamaliza msingi, na kidato cha kwanza anakutana na "Biology" kabla hajajua kuuliza njia ya chooni kwa lugha hiyo. Wangapi waliotupwa nje na udaktari walitupwa na sayansi, na wangapi walitupwa na Kimombo? Sina hesabu, lakini nina marafiki. Yupo mmoja aliyekuwa anatueleza mzunguko wa damu kwa Kiswahili mpaka unauona, na kwenye karatasi akapata alama ambayo hataki itajwe.

BOSI ASIJUE

Turudi kwa mtahiniwa wetu. Wengi wao wako kazini, na wengi hawamwambii bosi. Utamwambiaje, wakati nafasi zenyewe ni tano? Ukifeli utabaki ofisini ukiwa mtu aliyetaka kuondoka.

Mitihani haifanyiki siku moja nchi nzima. Kila chuo kina tarehe yake, kuanzia karibu Mei mpaka mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo mtu anaweza kujaribu vyuo vitano, sita, hata zaidi. Inasikika kama huruma, lakini piga hesabu. Ada ya kufanya mtihani katika chuo cha serikali ni yen 30,000, ambazo kapera anayejibana anaweza kulia karibu mwezi mzima. Zidisha mara sita. Ongeza treni, maana chuo kimoja kiko Kagoshima kusini kabisa na kingine Hirosaki, kule theluji inakofukia magari. Ongeza chumba cha kulala. Na kila safari ni ruhusa ya kazini inayohitaji sababu. Bibi mzaa mama anafariki mara ngapi kwa mwaka?

Wapo wanaoacha kazi wakasoma kutwa nzima. Hao wanasoma vizuri zaidi, na wanalala vibaya zaidi.

Ukipita, hesabu nyingine inaanza. Ada ya kawaida ya vyuo vya serikali ni kiingilio cha yen 282,000, halafu yen 535,800 kwa mwaka, ingawa vipo vilivyopandisha. Kwa miaka 5 ni kama yen milioni 3. Kwa mzazi wa Kijapani hiyo ni nafuu kubwa, maana chuo binafsi cha udaktari kwa miaka 6 kinaweza kudai zaidi ya yen milioni 20, vingine hata 40. Lakini wewe si mtoto wa mtu tena. Wewe ndiye mzazi, na kwa miaka 5 mshahara hakuna.

Tuseme umeanza kujiandaa ukiwa na miaka 27. Umefeli mara moja, ya pili umepita, unaingia mwaka wa pili una 29 au 30. Unamaliza na 34. Unafanya mtihani wa taifa mwezi wa Februari, unapita, halafu yapo mafunzo ya lazima hospitalini ya miaka 2, utaratibu ulioanza mwaka 2004. Ukishika wagonjwa wako mwenyewe una 36 au 37. Mwenzako mliyesoma naye digrii ya kwanza ameshakuwa mkuu wa kitengo na nyumba anayo.

Dada zetu wanaosoma hapa wameshaona tatizo jingine bila mimi kulitaja. Miaka hiyohiyo ndiyo ya kuzaa.

"KWA NINI USIBAKI ULIKO?"

Karatasi mbili hazikumalizi. Kuna barua ya kueleza kwa nini unataka udaktari, na ukivuka karatasi kuna mahojiano, pengine na mjadala wa kikundi ambamo unatazamwa unavyowasikiliza wenzako. Hapo ndipo yule mfamasia anaulizwa: kwa nini usibaki mfamasia? Swali linaonekana dogo, lakini limeangusha watu. Ukiponda kazi yako ya zamani, unaonekana mtu wa kukimbia matatizo. Ukiisifu sana, wanakuambia basi rudi.

Swali la pili ni la mkoa. Vyuo vingi vya pembezoni vinahitaji madaktari watakaobaki vijijini, na wazee wa jopo wanajua kwamba mtu wa Tokyo akishapata cheti hurudi Tokyo. Kila mmoja anaapa atabaki. Wazee wanatikisa kichwa na kuandika.

Na umri je? Utaratibu huu uliwekwa kwa ajili ya watu wazima, kwa hiyo hakuna anayekuambia mdomoni kwamba umezeeka. Lakini watahiniwa wana sababu ya kuwa na wasiwasi. Mwaka 2018 iligundulika kwamba Chuo Kikuu cha Tiba cha Tokyo, ambacho ni cha binafsi, kilikuwa kinapunguza kwa siri alama za wasichana, na pia za watu waliorudia mtihani mara nyingi, katika mtihani wa kawaida wa kuingia. Serikali ilipochunguza ikakuta na vyuo vingine vina dosari. Kelele zilikuwa kubwa, na hazikupotea bure: mwaka 2021, kwa mara ya kwanza, kiwango cha wasichana waliofaulu kuingia udaktari kilikipita kile cha wavulana, kwa kanywele tu, asilimia 13.60 kwa 13.51. Alama za watu hazikuwa zimepanda kimiujiza. Mkono uliokuwa kwenye mizani uliondolewa.

Hapo, kwa mtazamo wangu, ndipo penye uzito wa hizi karatasi mbili, na ndiyo sababu watu wanakesha nazo. Kwenye barua na mahojiano kila mtu anaweza kukupenda au kukuchukia. Kwenye karatasi wale panya wa kundi la tatu hawajui kama wewe ni mama wa watoto wawili au karani wa benki.

Matokeo hutoka kwa namba, bila majina. Mtu anasimama na simu yake kwenye korido ya ofisi, mgongo kwa wenzake, anatafuta tarakimu zake kati ya tano zilizobandikwa. Zisipokuwepo, anairudisha simu mfukoni, anarudi mezani kwake, anajibu barua ya mteja. Jioni kwenye treni anatoa zile kadi. Chuo kinachofuata ni wiki tatu zijazo, na sababu ya kuombea ruhusa bado hajaipata.